Maandazi ya Msiba Usiokuwepo

Doha, Jumanne, 30 Desemba. Ukungu na baridi. Kutoka dirishani kwetu hapa Al Rayyan hata msikiti wa ng'ambo hauonekani.

Jamani, leo nimeumbuka.

Jirani yetu Marisel, Mfilipino ninayefanya naye usafi hotelini, aliomba ofu leo. Asubuhi napita, mlango wake uko wazi: maua mezani, mshumaa, picha ya mwanamume mwenye koti, Marisel na wenzake wamesimama kimya. Mimi nikajua tayari, msiba! Nikamwamsha Akinyi, nesi Mkenya ninayeishi naye. Tukakaanga maandazi, tukajaza chupa ya chai, nikajitanda khanga, tukaingia na pole zetu. Akinyi machozi yako karibu, akaanza kulia kabisa.

Marisel akatutazama, akasema taratibu, "Huyu ni shujaa wetu. Alikufa zaidi ya miaka mia iliyopita."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hawakutucheka. Walituvutia viti, wakala maandazi yetu, wakatusimulia.

Alikuwa daktari. Wahispania waliokuwa wakiwatawala walimuua kwa sababu ya vitabu alivyoandika. Vitabu! Na waliopangwa kumpiga risasi ni Wafilipino wenzake waliovalishwa sare, huku Wahispania wamesimama nyuma yao na bunduki, ili atakayesita naye aipate. Chai ilinipalia.

Kisha Marisel akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wenu aliyeuawa na wakoloni, anaitwa nani?"

Mimi ni wa Songea. Wazee wetu waliopigana vita vya Majimaji walinyongwa na Wajerumani, wakafukiwa shimo moja, na askari waliowalinda walikuwa weusi kama sisi. Babu wa babu yangu yumo mle. Kila Februari, siku ya kuwakumbuka, shule ilitupeleka pale kaburini, nami nikinung'unikia jua.

Jina lake silijui.

Nilitoka nikampigia mama. Naye halijui. Baba angelijua, lakini baba ni marehemu. Aliyebaki ni shangazi, dada yake baba, mzee sana, masikio yameshachoka. Hapo nikashikwa na hofu ya kweli: jina la mtu mzima limebaki kwenye kichwa kimoja tu!

Nikampigia nikiwa nimesimama kwenye ngazi, napiga kelele mpaka Wahindi wa juu wakachungulia. "Jina, shangazi! La yule babu aliyenyongwa!"

Halafu sauti yake, imejaa wasiwasi: "Mwanangu, kuna msiba huko?"

Nikalia. "Ndiyo, shangazi. Nimechelewa tu kufika."

Akalitaja. Makita. Akalirudia mara tatu, taratibu, akihakikisha nimeshika.

Nimeliandika kwenye karatasi, nimeliweka mezani, na andazi moja lililobaki. Picha sina. Akinyi amekaa nami, safari hii analia kwa haki.

Kesho ni siku ya pili ya matanga.