Mchezo wa Kutogusa

Dada mshauri,

Naomba unisikilize hata kama barua imekaa vibaya, naiandika huku nanyonyesha. Nina watoto wawili, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi kwenye nyumba moja ng'ambo ya reli, kule ambako sisi weusi tunaingia asubuhi kwa kibali na jua likizama tuwe tumeshatoka, na humo nina kikombe changu cha bati chini ya sinki na mlango wangu wa nyuma, hayo nimeyazoea. Shida ni binti yangu wa miaka sita, tunamwita Kasuku kwa jinsi anavyoongea, maana shule yao inafunga saa sita na sina wa kumwachia, basi huja kunisubiri pale kazini. Siku ya kwanza aliweka mkono kwenye ukuta wa sebuleni, ukuta mweupe, na mama mwenye nyumba hakufoka wala nini, aliniletea tu kitambaa na sabuni akasema, "Futa pale." Mkono wa mtoto ulikuwa mkavu, dada, haukuacha hata alama, lakini nikafuta, na Kasuku ananiangalia.

Jioni ile nikabuni mchezo. Nikamwambia, "Kasuku, tuone nani anaweza kupita nyumba nzima bila kugusa kitu." Tukafanya mazoezi chumbani kwetu, mikono nyuma, kati ya kitanda na ndoo, tukacheka mpaka baba yake akasema, "Nyie mna wazimu." Akawa hodari kunishinda. Kule kazini mama mwenye nyumba akamsifu, "Huyu wako ana adabu," na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

Sasa nimejifungua, na mdogo wake, kama watoto wachanga wengi, katoka na rangi nyepesi. Kasuku hamgusi. Anasimama mbali, mikono nyuma. Juzi nikamwambia, "Njoo umpakate mdogo wako," akanijibu, "Mama, nikimgusa si itabidi umfute?" Nikajifanya naenda kuanua nguo.

Mume wangu anasema nimwache, atakua atasahau. Mimi naogopa nikimweleza ukweli atawaangalia wale watu kwa jicho la kujua, nao wataliona, na kazi itaota mbawa, na Jumatatu narudi kazini na kichanga mgongoni. Nimweleze, au niendelee kuuita mchezo?

Mama wa Wawili

*

Mama wa Wawili,

Nimekuonea huruma na nimekukasirikia, vyote pamoja. Huo si mchezo. Mchezo una mahali pa kuishia, na huu umemfuata mtoto mpaka kitandani kwako. Najua ulitaka kumkinga. Lakini ulipofuta ukuta usio na doa, mwanao alijifunza kitu kimoja: mama naye ameliona doa.

Baba yake asikudanganye. Atakachosahau ni ile siku tu, woga utabaki.

Mweleze, tena leo. Kaa naye chini umwambie kwa maneno mafupi: mkono wako haukuwa na uchafu, mimi niliogopa, nikafuta. Usimwimbie kutwa kwamba yeye ni msafi. Mtoto anayeimbiwa hivyo huanza kujikagua. Mwambie wale watu wamekosea, ingawa ni watu wazima. Kisha mketishe, umwekee mdogo wake mapajani. Akirudisha mikono nyuma usimkaripie, ishike wewe kwanza.

Na kule asikanyage tena. Wote mnaovuka reli asubuhi mna watoto wa shule moja, jamani, mmeshindwaje kupanga zamu ya kuwaangalia? Kila mmoja anaona aibu peke yake. Gonga mlango wa jirani, anza wewe. Kazi ishike mpaka upate nyingine, sitakuambia uache halafu mlale njaa.

Ila jiandae. Mtoto wa miaka sita si mjinga, atakuuliza: kama wamekosea, mbona Jumatatu unarudi kwao? Hapo usibuni kitu. Mwambie, "Kwa sababu bado sina pengine." Litakuuma kulisema. Liseme hivyo hivyo, ukimtazama machoni.