Mlango Usio na Bawaba

Bibi, mke wangu wa Kintinku, shikamoo!

Leo mpishi wa meli yetu alitangaza tunaingia mlango wa Bahari ya Shamu. Atakayeuona kwanza haoshi masufuria. Mimi mwenye macho ya mwewe nikasimama mbele kabisa, natafuta mbao na bawaba. Nikaona tu kisiwa cha Perimu, kimekauka hata mbuzi wako angekihama. Waingereza walikikalia zamani ili wachungulie kila meli inayopita.

"Mlango uko wapi?" nikamuuliza mpishi.

"We mbara, mlango ni haya maji membamba kando ya kisiwa! Tumeshapita!"

Sasa naosha masufuria. Majirani wakiuliza, waambie mumeo ndiye nahodha. Kula ushibe, na usimkubalie mzee yeyote kabla sijarudi.

Mjukuu wako mtanashati,
Yona