Usijitoe Ijumaa

Jumanne, saa nane mchana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la chaki kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Shangazi anakusalimu sana. Goti lake limetulia, ila mdomo wake haujatulia hata siku moja. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio wenye homa.

Jana nimepata ujumbe wako kupitia kwa Shangazi, kwamba Ijumaa utaomba ruhusa uende mjini penye mtandao, uingie kwenye ukurasa wa yale mafunzo ya kuchora vitabu vya watoto, ujitoe. Umesema nafasi ni moja, mimi nimekuachia kwa mapenzi, na wewe huwezi kupanda juu ya mgongo wa mdogo wako. Afadhali tukose sote. Dada, nakuomba kwa heshima zote, usijitoe. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa hiyohiyo, saa sita mchana. Ukijitoa, nafasi hairudi kwangu. Mimi nimeshafutwa kwenye orodha ya akiba. Nimewaandikia kuwaomba, wamekataa. Itakwenda kwa mtu wa tatu ambaye hata hatumjui, nasi tutabaki kutazamana kama kuku walionyeshewa.

Ningekupigia simu, na nilijaribu. Yako huko haipatikani, nikapiga ya mwalimu mkuu wenu; akaiweka kwenye spika, akaniambia uko darasani, nikasikia chumba kizima cha walimu kimetega masikio. Nikaishia kuuliza kama mvua imenyesha. Haya ninayotaka kukwambia si ya spika. Ndiyo maana nimemwomba dereva wa gari la vitabu vya shule. Anaondoka kesho alfajiri, na ameniapia kwamba Alhamisi utakuwa na barua mkononi.

Utauliza kwa nini nisikuthibitishie mimi, maana akaunti yako uliiacha humu kwenye kompyuta ndogo uliyoniachia, ninayokwenda nayo hata kazini. Haiwezekani. Kuthibitisha kunataka namba inayotumwa kwenye simu yako. Kujitoa hakutaki kitu, unabonyeza tu. Kuingia mlango wa chuma, kutoka hata pazia hakuna! Sijui ni nani aliyekaa akapanga hivyo.

Sasa nianzie mbali kidogo. Unakumbuka ulivyonipangia kivinjari kabla hujaondoka, wakati ule nachanganya mambo mpaka nikampelekea mhadhiri wangu wa ukutubi orodha ya watu wa kung'olewa meno? Uliyagawa maisha yangu madirisha matatu: la buluu la masomo, la njano la kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, la kijani la michoro yangu. La nne, jekundu, likabaki lako, ukaniomba nikuchungulilie barua zako kwa kuwa huko mtandao ni wa kubahatisha. Ukafunga hata kurasa za soga zisifunguke saa za kazi. Tangu hapo kazi za chuo nikazipeleka kwa wakati, na wagonjwa wawili hawakugombania tena kiti kimoja. Nilikuwa nakushukuru kimoyomoyo kila asubuhi.

Lakini daktari naye si mjinga, alizijua rangi zile upesi. Akanionya kwamba siku akipita nyuma yangu saa za kazi akaona rangi isiyo ya njano, nitafute pa kwenda. Nami unanijua, jina la Kiherehere hamkunipa bure. Nikayageuza madirisha yote manne yakawa njano. Yeye akipita anaona njano, anaitikia kwa kichwa, ameridhika, kumbe mimi huku namchora sungura masikio.

Haya, nimeze mate, niseme. Majibu ya mafunzo hayakuja Jumatano kama Shangazi alivyokwambia. Yalikuja Jumatatu ya wiki iliyopita. Lako lilisema umechaguliwa. Langu lilisema mimi ni wa kwanza kwenye akiba, kwamba ukijitoa au usipothibitisha, nafasi ni yangu. Sikukupigia. Siku mbili nilizunguka na siri hiyo tumboni, nikijiambia wewe una kazi yako tayari, mimi je? Ulikuwa wivu, Dada. Sitafuti neno la kuupamba.

Jumatano mchana, pale mapokezi hakukuwa na mtu ila mzee mmoja mwenye shavu lililovimba. Nikafungua ukurasa wa mafunzo kwenye dirisha lako, ili nikutoe. Ndiyo, wewe. Nikaufungua na kwenye dirisha langu, nione jina langu likipanda baada ya lako kushuka. Mara daktari akatoka kumwita mzee. Nikashtuka, nikarukia dirisha la kazi, alipogeuka nikarudi. Njano hapa, njano pale. Nikabonyeza kujitoa. Likaniuliza kama nina uhakika, nikabonyeza ndiyo. Dakika hiyohiyo wakaandika kwamba wamepokea uamuzi. Nikaisaka barua yao kwako, hamna. Ilikuwa kwangu. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe.

Nililia mpaka yule mzee alipotoka kung'olewa jino akanipa leso yake, akidhani naumwa kuliko yeye. Jioni Shangazi akayaona macho yangu, akaisoma ile barua kwenye kompyuta. Nikamwonyesha na yako, kana kwamba imeingia siku hiyo. Akanikumbatia, akasema nimekuachia, akasema mama angekuwa hai angejivunia tumbo lake. Nimekula sifa hizo siku tano nzima, mpaka jana ulipotaka kuzilipa kwa nafasi yako.

Kwa hiyo hakuna mgongo wa mtu uliopanda, Dada. Hukuachiwa kitu. Nilitaka kukunyang'anya, nikakosea kubonyeza, basi. Nafasi ni yako tangu Jumatatu ile. Akaunti yako nimeiondoa humu kwenye kompyuta, nawe ukifika mjini badilisha neno la siri. Shangazi nitamwambia leo nikishaikabidhi barua hii, kabla sijaanza kutafuta visingizio. Ijumaa nenda kama ulivyopanga, simu iwe na chaji, na saa sita isikukute njiani. Ukitaka kunichukia, una haki yote. Nichukie, lakini nichukie ukiwa umekaa kwenye kiti chako cha hayo mafunzo.

Wasalimie walimu wenzako na watoto wako wa darasa la kwanza. Neno lako nitalipokea, liwe chungu liwe tamu.

Ndimi mdogo wako,
Kiherehere