Mkono wa Nani Huu?

Mjukuu wangu Zuhura,

Waniuliza ni lini mwalimu wa kazi za mikono atie mkono wake katika kazi ya mwanafunzi. Swali hilo limenisumbua tangu ujanani. Huku Kaole sote wazima. Mama yako akusalimu.

Kabla Wadachi hawajaingia Bagamoyo, nilijifunza kufundisha ususi wa mikeka kwa Bi Rehema. Siku ya kutahiniwa nilipewa Mwanaisha, msichana mgeni wa kazi, nimwongoze kwa maneno tu asuke ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka. Nikiigusa kazi yake, sipati idhini ya kufundisha.

Milala, yale majani makavu ya kusukia, ikamchanganya. Nilikuwa nimeikalia mikono yangu kwa hofu. Bi Rehema alipoinuka kwenda kutia udhu, nikaurudisha mlala mmoja mahali pake.

Bi Rehema aliporudi akauliza, "Mkono wa nani huu?"

"Wangu, Bi," akajibu Mwanaisha.

"Haya, mwalimu, hongera. Ila mbona wewe ndiye unayetoka jasho?"

Nikacheka, nikaipokea idhini. Hadi leo sijui kama Mwanaisha alinisitiri, au aliamini kweli kuwa kazi ni yake. La pili ndilo ningelipenda, na kwa hiyo silisadiki. Aliolewa Zinga kabla sijathubutu kumwuliza.

Bibi yako,
Salma