Baba Mkwe Upande wa Pili wa Ukuta

Jumatano. Mvua imetupumzisha tangu asubuhi, na kwa Tukuyu hiyo ni sikukuu.

Leo nimeingia kwa mara ya kwanza kwenye nyumba ya mawe iliyo ukingoni mwa jabali, kule juu ya shamba la zamani la chai. Jumamosi naanza kazi ya kuwatembeza wageni humo. Kazi niliiomba mwenyewe kwa mbwembwe, na historia ya nyumba siijui hata chembe. Anayeijua ni mmoja tu: baba mkwe wangu, aliyekuwa mpishi wa Wazungu wenye shamba.

Na baba mkwe hasemi nami.

Si ugomvi. Kwa Wanyakyusa wa rika lake, mzee hakutani uso kwa uso na mke wa mwanawe. Mimi mtoto wa Tanga, mwaka wa kwanza wa ndoa nilimpelekea chai mwenyewe, nikapiga goti na shikamoo yangu nzito. Akainuka akaondoka. Nililia siku hiyo. Miaka sita sasa, nikisikia fimbo yake njiani naingia migombani.

Mume wangu ndiye aliyetupeleka, kila mmoja na mlango wake. Mzee jikoni, mimi chumba cha kulia, katikati ukuta wenye kidirisha cha kupitishia chakula, kimefungwa. Nikafungua daftari, nikangoja. Nikaona nimejiaibisha bure.

Mara sauti: "Mama Neema, kanyaga ubao wa tatu kutoka dirishani. Unalia?"

Nikakanyaga. Ukalia.

"Huo ulikuwa unanisema kila nikileta supu!"

Nilicheka, nikajiziba mdomo. Naye upande wa pili akacheka. Basi tukazunguka nyumba nzima, yeye chumba kimoja mbele, mimi nyuma yake nikiifuata sauti: hapa walilala wageni, hapa meneja alinuna, dirisha hili ndilo linaloonyesha Ziwa Nyasa siku isiyo na ukungu. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Tulimalizia pale pale tulipoanzia. Kidirisha kikafunguka kidogo, mkono wake ukaweka ufunguo wa jikoni, ukarudi. Kumbe aliutunza miaka yote hii.

"Ndaga, tata," nikauambia ukuta. Asante, baba.

Nilikuwa nimepanga wageni waanzie barazani, kwenye mandhari. Sasa hapana. Jumamosi wataingilia jikoni, na mlango nitaufungua mimi.