Upande wa Jua

Kaka Clovis,

Salamu kutoka ndani ya gari la jirani yetu Alcide. Simu zimekatika, foleni ya wanaokimbia kimbunga kutoka pwani haisogei, na upepo unalitikisa gari kama kiberiti. Kuku nimewafungulia. Paka ninaye mapajani.

Unazikumbuka zile karatasi ngumu za plastiki ya polikaboneti ulizofunikia madirisha yetu kukinga vimbunga? Tuliziacha hapo miaka sita kwa sababu zinapitisha mwanga. Upande mmoja una dawa ya kukinga jua, na ndio unaopaswa kutazama nje. Alama yake ilikuwa kwenye utando wa nailoni. Utando huo niliubandua mimi, pande zote mbili, ulipokwenda kunywa kahawa. Niliogopa kukuambia, nikabahatisha upande wa kukuonyesha.

Jua limezikaanga hadi zimekuwa manjano. Leo asubuhi Mama aligoma kuondoka, kama kawaida yake.

"Clovis alizigonga nyundo mbele yangu, hazikupata hata mkwaruzo," akasema. "Hicho kimbunga ni nani? Hebu kaa ule mchuzi wako wa gumbo, acha uoga."

Nikachukua nyundo ileile, nikagonga kidogo tu. Karatasi ikapasuka kama biskuti.

Nilisubiri matusi. Mama akapitisha kidole kwenye ufa, kisha akainama chini ya kitanda kutafuta viatu.

Hapo ndipo nilipokimbia kuwafungulia kuku, kaka. Katika vimbunga vyote tulivyokulia, uliwahi kumwona Mama akitafuta viatu?

Dadako,
Odile