Kumtafsiria Bwana Mathai

Jumapili, 1 Oktoba 2017

Leo tena nimemtafsiria Bwana Mathai kanisani. Amevaa kizibao kipya, bendera ndogo ya Marekani kifuani. Baada ya ibada amekula ugali kwa uma.

Naanza na uma kwa sababu ndio ulioniudhi zaidi. Wakati wa mgomo wa kazini kwa Mama, miaka miwili iliyopita, alikula nasi kwa mkono, tena kwa ustadi kuliko watoto wengi waliozaliwa huku. Alisema kwao Kerala, kule India, ni hivyo hivyo, wali na mchuzi wa samaki, na mwenye haraka anajiunguza vidole. Leo palikuwa na mpiga picha.

Kanisa letu ni la Wakenya na Wakongo. Mgeni mkubwa akija hupewa kipaza sauti asalimu watu. Yeye husalimu kwa Kiingereza, nami nasimama kando yake nikitafsiri, maana akina mama wengi kutoka Kivu hawajakizoea Kiingereza. Na kwetu mkalimani hatafsiri tu. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Mhubiri akichoka, yeye anaendelea. Ndivyo nilivyojifunza tangu nikiwa mdogo, kwa kutazama.

Leo amesema: nashukuru, nitajitahidi. Mimi nimesema: ndugu zangu, mzigo wenu ni mzigo wangu, sitautua mpaka tufike wote. Wamepiga makofi hadi viti vikasogea. Yeye ametabasamu, ameweka mkono kifuani. Anadhani ni yake.

Jumanne, 3 Oktoba

Mwalimu wa historia ametupa kazi: maisha ya mtu aliyebadilisha jambo mahali tunapoishi. Darasa zima linaandika juu ya wachezaji. Nimemtaja Bwana Mathai na mwalimu amefurahi mno, kama vile nimemletea zawadi. Amesema ni mfano bora wa Marekani. Hajawahi hata kukutana naye.

Basi maisha yake, kama alivyonisimulia mwenyewe siku za mgomo. Alizaliwa pwani ya Kerala. Baba yake alisuka kamba za makumbi ya nazi kiwandani. Yeye naye aliingia humo akiwa kijana, akawa katibu wa chama cha wafanyakazi, akapigwa na polisi. Bado ana kovu chini ya sikio. Mke wake ni nesi. Mke ndiye aliyepata kazi huku, yeye akamfuata. Hakuna aliyetaka kusikia habari za vyama vyake, kwa hiyo akawa dobi katika makao ya wazee. Makao hayo hayo anakofanya kazi Mama.

Mama anapenda kusimulia siku walipoona jina lake ubaoni mara ya kwanza. Wakikuyu wote walisema, Mathai, huyu ni wetu. Wakashuka chumba cha kufulia kumsalimu, wakamkuta Mhindi mfupi kati ya mashuka. Alicheka kuliko wao. Mwezi huo huo akaanza kuwauliza maswali: nani analipwa nini, nani anaumwa mgongo, nani anazuiwa kwenda nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta mgomo. Mtu wa zamu inayofuata asipofika, msimamizi alikuwa anakulazimisha ubaki, zamu ya pili, utake usitake. Mama alikuwa akipiga simu na kusema neno moja tu, "Wameni-mandate," na mimi nikajua kwamba nitamtoa mdogo wangu Wairimu kwenye basi la shule, nitapika, nitamlaza. Asubuhi moja ya majira ya baridi Mama alirudi baada ya zamu mbili, akasinzia kwenye usukani, gari likaingia kwenye lundo la theluji kando ya barabara. Hakuumia. Nesi mwenzake alivunjika nyonga kwa njia hiyo hiyo.

Bwana Mathai alisimama kwenye theluji juu ya kigari cha nguo chafu kilichopinduliwa na kusema hakuna atakayeingia mpaka jambo hilo lifutwe. Likafutwa. Kifungu kiliandikwa kwenye mkataba. Nilimpenda mtu yule, siwezi kuficha. Mikono yake ilinuka dawa ya madoa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mkataba unaisha mwezi huu. Mama anasema wenye makao wanataka kile kifungu kiondolewe.

Nimeuliza, Bwana Mathai anasemaje? Si bado ndiye mwenyekiti wa chama? Mama amesema yuko na shughuli za kampeni. Anagombea kiti cha baraza la mji.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimepita makao kumpelekea Mama koti. Kwenye nyasi za mbele, pale pale aliposimama na kigari chake, kuna bango la kampeni. Jina la Mathai, rangi ya buluu, tabasamu. Nimefikiri wafanyakazi ndio walioliweka. Mlinzi amesema hapana, ni mkurugenzi mwenyewe.

Nimesimama nikilitazama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea.

Jumamosi, 14 Oktoba

Nimekwenda ofisi yake ya kampeni kwa ajili ya insha. Ni safari ya basi moja tu, karibu na mji wa Saint Louis Park, kati ya duka la magodoro na kinyozi. Biskuti mezani. Vijana wenye simu wakinitabasamia kana kwamba mimi ni mgonjwa.

Amenikaribisha vizuri. Amenieleza maisha yake upya, na sasa yamepigwa pasi. Polisi hawamo tena. Kiwanda cha kamba kimekuwa "biashara ndogo za familia". Mgomo umekuwa "mazungumzo". Kigari hakikutajwa. Nilipokitaja mimi amecheka kidogo na kutazama mlango.

Nimeuliza juu ya kifungu. Amesema sasa anapaswa kuwa mtu wa pande zote. Amesema nitaelewa nikikua. Kisha amenipa beji.

Nimeitupa kwenye pipa la kituo cha basi. Halafu nimeona aibu, nikaitoa, kwa sababu pini yake ingeweza kumchoma mtu anayezoa taka. Iko mfukoni. Namdharau kabisa. Mtu anayeona haya kwamba alipigwa kwa ajili ya wengine! Heri angeona haya kwa kizibao.

Jumatatu, 16 Oktoba

Baba amepiga simu kutoka barabarani, yuko na lori lake kusini. Nimemweleza yote. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili Nakuru, kwa hiyo kwanza amenirekebisha sentensi mbili. Kisha ameuliza, "Na wewe unapomtafsiria, unasema anachosema?"

Nimesema nasema vizuri zaidi.

Hiyo hakuirekebisha.

Alhamisi, 19 Oktoba

Wamemlazimisha Mama. Kifungu bado kipo, mkataba bado haujaisha, na wamemlazimisha. Msimamizi amemwambia ni mara moja tu, kila mtu anajua mambo yanabadilika. Mama amempigia Bwana Mathai. Simu imepokewa na kijana wa kampeni, akamwomba anwani yake ili wamletee bango.

Asubuhi nimemtayarisha Wairimu peke yangu. Amegoma kula uji, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi si mama yake. Ni kweli. Tulipotoka kwenda kwenye basi gari la Mama lilikuwa limeegeshwa chini, injini inanguruma. Mama alikuwa ndani. Kichwa kimelala dirishani, mdomo wazi, funguo mahali pake, taa zinawaka. Aliweza kufika lakini hakuweza kushuka.

Nimegonga kioo. Hakuamka. Nimegonga tena kwa ngumi. Wairimu akaanza kulia. Mama akaamka, akasema, "Nimefika, nimefika," kama mtu anayejibu jina shuleni.

Sijamsikiliza mwalimu yeyote leo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Mama Furaha amekuja. Anafanya kazi na Mama, ghorofa moja. Ametoka Bukavu, ana sauti kubwa na miguu inayouma. Anasema akina mama wa Kongo wote wanamngoja Bwana Mathai kesho. Wana hakika atasimama nao mezani Alhamisi, siku ya kujadili mkataba, kwa sababu alisema kanisani hatautua mzigo mpaka wafike wote.

Nimemwambia hakusema hivyo.

"Ni nani alisema?"

Nimeinuka kumwongezea chai. Amenitazama, halafu amecheka mpaka akashika mbavu. "Aah, mtoto! Basi ni wewe tungepigia kura!" Kisha ameacha kucheka. "Kesho usitie sukari. Utuletee chai yake vile iko."

Ninaogopa. Mchungaji ananipenda kwa ajili ya ile sukari.

Jumapili, 22 Oktoba

Nitaandika polepole.

Kanisa limejaa. Mpiga picha yupo. Mchungaji amemwita Bwana Mathai "mwana wetu" na kumpa kipaza sauti. Nimesimama mahali pangu.

Amesema anafurahi sana kuwa nasi. Nimesema, "Anafurahi sana kuwa nasi." Amesema anaheshimu bidii ya jamii ya Waafrika. Nimesema, "Anaheshimu bidii ya jamii ya Waafrika." Amesema tutashirikiana kutafuta suluhisho litakalomfaa kila mmoja. Nikasema hivyo hivyo, neno kwa neno, mikono yangu ikiwa nyuma.

Alitua, akangoja makofi. Hayakuja. Mtoto mmoja alikohoa.

Akanitazama. Sikuwahi kumwona akinitazama hapo kabla akiwa madhabahuni, alikuwa akiwatazama wao. Akainua sauti. Amesema wakati wa mabadiliko ni sasa. Nimesema wakati wa mabadiliko ni sasa. Mzee mmoja wa Kisii nyuma akauliza kwa sauti, "Mabadiliko gani?" Watu wakaguna.

Ndipo Mama Furaha aliposimama.

"Mchungaji, naomba kuuliza."

"Mama, leo ni salamu tu. Maswali hapana."

"Basi na mie nasalimia. Salamu yangu ni hii. Bwana Mathai, jambo. Ile ya kutukamata na zamu ya pili, Alhamisi utakuja kukaa upande wetu, ao hapana? Asante, Mungu akubariki."

Watu wamecheka, hata mchungaji. Nimemtafsiria Bwana Mathai salamu hiyo bila kuongeza na bila kupunguza. Uso wake umekuwa mwekundu karibu na lile kovu. Amejibu kwa muda mrefu. Kwamba jambo lina pande nyingi. Kwamba wenye makao nao wana matatizo. Kwamba kwa wakati huu asingependa kuonekana akiegemea upande. Nimeyatafsiri yote, mpaka mwisho. Sikuacha neno hata moja.

Mama Furaha amesema, "Nimesikia," akakaa.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa afadhali. Walimtazama tu kama unavyotazama basi ambalo si lako likipita. Na hakubaki kula.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mchungaji amempigia Mama. Mimi ni mtoto, nimemwaibisha mgeni, mkalimani mwingine atatafutwa. Mama amesikiliza, amesema ndiyo mchungaji, ndiyo mchungaji. Amekata simu na kuniuliza kama nina viatu safi kwa ajili ya Alhamisi. Akina mama wameamua kwenda mezani wenyewe. Wananitaka.

Nimelia kidogo bafuni. Si kwa huzuni.

Alhamisi, 26 Oktoba

Chumba cha mikutano cha makao, harufu ya supu. Mkurugenzi, wakili wake, msimamizi. Upande wetu akina mama wengi kuliko viti, wengine na sare zao. Katibu wa chama, kijana wa kitongoji cha Maple Grove ambaye hajazoea kusema bila mwenyekiti. Na mimi na viatu safi.

Wakili ameuliza kama inafaa msichana wa shule kuwepo. Mama Furaha amenitaka nimwambie kwamba msichana wa shule ndiye anayebaki na watoto wakati wao wamefungiwa humu. Nimemwambia. Amefungua faili lake.

Walizungumza mmoja mmoja. Mama amesimulia habari ya theluji. Alizungumza Kiingereza chake mwenyewe, hakunihitaji, na nilijivuna.

Tulikuwa katikati mlango ulipofunguka. Bwana Mathai. Bila kizibao, bila mpiga picha. Akasimama pale. Viti vyote vilikuwa vimejaa. Upande wa mkurugenzi kulikuwa na kimoja kitupu, na mkurugenzi alikivuta kidogo kumkaribisha.

Alikitazama. Akaenda akasimama ukutani, nyuma yetu. Hakusema neno mpaka mwisho. Sijui kama ni ujasiri au ni hesabu za kura. Najua kwamba wengi wetu hatuna kura, na kwamba mkurugenzi alimwona aliposimama.

Kifungu kimebaki. Walitaka kiondoke, hakikuondoka. Akina mama wamefanya hivyo. Ukuta ungeweza kusimama bila yeye.

Jumapili, 29 Oktoba

Mkalimani mpya ni shemeji yake mchungaji. Anapiga kelele na kuruka. Mama Furaha amenikonyeza.

Jumatano, 8 Novemba

Bwana Mathai ameshinda. Ameshukuru familia yake, wajitoleaji wake, na jamii ya Waafrika kwa upendo wao. Bango la makao bado lipo, limeinama upande.

Mwalimu amerudisha insha. Nimepata alama nzuri. Ameandika pembeni kwamba sehemu ya chumba cha kufulia ni ndefu na ya kampeni ya mjini ni fupi mno. Ni kweli. Ya mjini ilikuwa na machache ya kuandika. Nimemaliza na mtu aliyesimama ukutani, na sikusema kwa nini, kwa sababu sijui. Beji nimeibandika nyuma ya ukurasa wa mwisho, pini imekunjwa.

Theluji ya kwanza inaanguka, nyembamba. Wairimu amekula wali wake wote na anachora. Ni saa ya Mama kutoka kazini. Simu haijalia.

Gari limeingia chini. Nimeacha kuandika nisikilize. Injini imezima. Mlango umefunguka, umefungwa, na sasa hatua zake ziko kwenye ngazi.